Ngoma Kubwa Kuliko Zote Ilitoka Tana

Ubishi wa nani mkali wa mziki Kenya hauishi. Hapa Garsen, kwenye vibanda vya video na vya kuchezea gemu, huyu atakwambia ni Nyashinski, yule atasema Sauti Sol, halafu mzee mmoja atawanyamazisha wote kwa kumtaja Daudi Kabaka. Jibu langu huwa ni lingine. Ngoma kubwa kuliko zote nchini ilitoka huku kwetu, kandokando ya Mto Tana, na aliyeitunga hatujui jina lake. Ni wimbo wa taifa.

Usicheke. Tuupime kama tunavyopima ngoma nyingine. Umepigwa mara ngapi? Enzi za majumba ya sinema, ulipigwa kabla ya filamu kuanza na watu wote wakasimama, awe mtu amekuja kumwona Bruce Lee au Amitabh Bachchan. Televisheni ya taifa ilifungua na kufunga matangazo nao. Shuleni ni gwaride la Jumatatu na la Ijumaa. Olimpiki ndiyo usiseme: tangu Naftali Temu alipochukua dhahabu ya mita 10,000 kule Mexico mwaka 1968, dunia nzima imeusikia. Nitajie msanii mwenye rekodi kama hiyo.

Sasa historia yenyewe. Mwaka 1963 uhuru ulikuwa mlangoni na nchi haikuwa na wimbo wake. Ikaundwa kamati ya watu watano: Graham Hyslop, Mwingereza aliyesimamia mafunzo ya mziki, George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, Mchungaji Thomas Kalume, mtu wa Pwani, Peter Kibukosya, na Washington Omondi. Wangeweza kutunga kitu cha kuigiza maandamano ya bendi za Wazungu, tarumbeta na ngoma za kijeshi. Badala yake walitafuta sauti ya nyumbani. Wakaipata kwa Wapokomo, kupitia Mzee Meza Morowa Galana wa Gwano. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Mwingereza ikashuka na sauti hiyo ikapanda.

Ilikuwa sauti ya nini? Ya kubembelezea mtoto. Mama wa Kipokomo ana mtoto anayelia, kachoka, na anamwita mnyama wa porini aje amle huyu mtoto ili kilio kikome! Ni vitisho vya mapenzi, vile vya mama zetu wote. Kamati ikatoa maneno ya mnyama, ikaweka maneno ya kumwomba Mungu. Kwa hiyo rais anaposimama wima na majenerali wake, wote wanasimama mbele ya sauti ya mwanamke aliyekuwa anataka tu kulala kidogo.

Kwa maoni yangu ya kishabiki, ndiyo maana wimbo wetu ni mtamu. Wa Tanzania ni mzuri sana, siupingi, lakini sauti yake ilitungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897, na Zambia pia wanaitumia. Nyimbo nyingi za mataifa zinakukimbiza vitani. Wetu hauna haraka. Usikilize bila maneno, kwa ala peke yake, utahisi mtu anayembeza mtoto.

Tatizo ni jina. Kwenye vitabu utasoma kwamba sauti yake ni ya wimbo wa kitamaduni wa Wapokomo, basi. Neno "kitamaduni" lina ujanja wake: likishabandikwa kwenye wimbo, wimbo unakuwa hauna mwenyewe. Wewe uliyeona filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 unaikumbuka ile ngoma ya simba aliyelala. Solomon Linda aliirekodi Johannesburg mwaka 1939. Akafa maskini mwaka 1962, na warithi wake wakapata makubaliano ya malipo mwaka 2006. Jirani hapa Uganda, George Kakoma, aliyetunga wimbo wa taifa wao, ilibidi aishtaki serikali akidai haki yake. Hao walikuwa na majina ya kupeleka kortini. Mama wa Kipokomo apeleke nini?

Sheria ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha pale utamaduni wao unapotumika. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Mtu atauliza, wimbo wa taifa utalipiwaje na wala hauuzwi? Sawa, pesa tuziache pembeni kwanza. Tuongee juu ya kutambuliwa.

Agosti 2012 David Rudisha alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 London, na sauti ya Tana ikapigwa mbele ya dunia. Mwezi huo huo, tarehe 22, zaidi ya watu 50 waliuawa Riketa, huku Tana Delta, katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Kufikia mwanzo wa mwaka uliofuata, waliokufa walikuwa wamepita 100. Nchi ilitujua kwa vifo hivyo, na inatukumbuka tena kila mto unapofurika. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili, kwamba wimbo uliowatoa machozi ya furaha ulitoka kwenye vijiji vile vile vilivyokuwa vinazika watu.

Mimi naona tuanze na kitu kidogo. Kila kitabu cha shule chenye wimbo wa taifa kiandike mstari mmoja chini: sauti imetoka kwa kina mama Wapokomo wa Mto Tana. Na watoto wa Garsen, wa Kipokomo na wa Kiorma, wasikilizishwe ule wa mwanzo, wenye mnyama, wacheke pamoja kabla ya gwaride. Kina mama na nyanya wanaoujua bado wapo, na simu za kurekodi tunazo mkononi. Wakiondoka hao bila kurekodiwa, tutabaki na wimbo wa taifa, lakini ule uliouzaa utakuwa umezikwa nao.