Skwota ni Nani?



Hapa Nakuru, na kule Njoro, Molo na Naivasha, liko neno la Kiingereza ambalo hata mzee asiyejua Kiingereza hulitamka: skwota. Tumelizoea. Leo na tuulize lilitoka wapi.

Waingereza walilipata shina lake katika Kifaransa cha zamani, na maana yake ilikuwa kuponda kitu kikawa bapa. Baadaye likawa kuchuchumaa. Mtu aliyechuchumaa hakuketi wala hakusimama. Huko Marekani, katika karne ya 18, mtu aliyekaa katika ardhi bila hati akaitwa hivyo. Australia nako, katika karne ya 19, waliolisha kondoo bila ruhusa katika ardhi ya serikali walitajirika, na jina hilo likageuka kuwa la heshima.

Kwetu halikugeuka. Wazee wetu waliofika na mifugo yao katika mashamba ya walowezi hawakuingia kwa siri. Walikaa kwa mapatano: walime na kulisha, nao wamfanyie mwenye shamba kazi. Sheria ya 1918 ilidai siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria ya 1937 iliyapa mabaraza ya walowezi ya wilaya uwezo wa kupunguza mifugo na vishamba vya skwota, na kuongeza siku za kazi hadi 240, hata 270. Watu waliofyeka msitu, wakazaa na kuzika papo hapo, bado waliitwa wenye kuchuchumaa.

Baada ya Uhuru wa 1963 walowezi wengi waliondoka, lakini neno lilibaki, na sasa twalitamka sisi. Tunapochagua wazee wa kanisa twanong'onezana, "Huyo ni skwota tu." Mwenye hati ya shamba twamsikiliza, asiye nayo twampita.

Ndugu, katika Walawi 25:23 Mungu awaambia Israeli kwamba nchi ni mali yake, nao ni wageni kwake. Kumbukeni, hayo waliambiwa watu waliokuwa karibu kupewa mashamba, wala si wasio na tumaini la kupata. Wakikuyu humwita mtu aliyepewa mahali pa kulima katika ardhi ya mwingine muhoi, yaani aliyeomba. Na shina la neno hilo ndilo watumialo kwa kusali. Basi, hata mwenye ekari mia, na hati yake imefungiwa sandukuni, mbele za Mungu ni muhoi. Ameomba, akapewa.

Jumapili hii tumpe jirani yetu nafasi katika benchi, na tumwite kwa jina alilobatizwa.

Tuombe. Ee Bwana, mwenye nchi yote, utusamehe majina tuliyowapa watoto wako. Utufundishe kukaa kama wageni wako, tukishukuru. Amina.