Land Rover ya zamani: bei ya kununua ni ndogo, matumizi yanakuja kisha

Katika miji ya mashariki ya Kongo, toka Bunia mpaka Uvira, gari nyingi zinazotembea ni Toyota. Kila fundi anazijua, na pyesi zake zinapatikana karibu na kila garaji. Lakini mara moja moja mutu anakutana na Land Rover ya zamani inauzwa bei ya chini: iliachwa na shirika, na misioni ao na mwenye shamba. Mununuzi anafikiri amepata bahati. Miezi mitatu kisha, gari imesimama mbele ya nyumba juu ya pyesi moja ambayo hakuna anayeiuza katika muji muzima. Kwa mutu aliyetumainia gari ile kwa kupeleka makala ao viazi sokoni, kazi na mutaji vinapotea pamoja.

Si kusema gari hii ni mbaya. Ni kusema kwamba mununuzi anapashwa kujua mambo fulani mbele ya kutoa feza.

Ni gari gani?

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948. Kisha zikakuja Series II (1958), Series III (1971), na mwaka 1983 ile ya 110, yenye resori za kuzunguka pahali pa zile za mabamba. Jina Defender lilianza mwaka 1990. Ya mwisho ya aina hiyo ilitoka katika kiwanda cha Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016.

Watu wengi wanaziita zote «Landrover» tu. Kosa la kwanza linaanzia hapo, sababu pyesi ya moja haiingii kila mara ku ingine.

Motere kwanza, rangi kisha

Ku Defender za mazuti, motere tatu njo zinakutana sana. 200Tdi ilitiwa mpaka mwaka 1994, 300Tdi ikafuata. Zote mbili ziko na silindri 4, litre 2.5 na turbo, na pompi yao ya injeksyo ni ya kawaida. Fundi anayejua mazuti anaweza kuzitengeneza bila kompyuta. Ya tatu ni Td5, iliyoanza mwaka 1998, yenye silindri 5. Hiyo inaongozwa na kompyuta ndogo. Mbele ya kununua Td5, ulizia kwanza ni fundi gani wa muji iko na chombo cha kusoma makosa yake. Kama hakuna, kila shida ndogo itaomba safari.

Namna ya kutofautisha mbili za kwanza ni rahisi. Fungua boneti, tazama mbele ya motere. 300Tdi inazungusha vyombo vya inje kwa mukanda mumoja mrefu. 200Tdi iko na mikanda midogo mbalimbali.

Kuna tena mukanda wa ndani, ule mafundi wanaita kuruwa ya distribisyo. Ule ukikatika gari ikitembea, pistoni zinagonga vali na motere inaharibika palepale. Kwa njia za vumbi na matope, usipitishe kilometa 60,000 bila kuubadilisha. Muuzaji akisema «ulibadilishwa» lakini hana karatasi ya kuhakikisha, hesabu kwamba haukubadilishwa.

Gari zingine zimetiwa motere ya Toyota. Hiyo inaweza kusaidia ku pyesi, lakini angalia kama kazi ilifanywa vizuri na kama karte roze inapatana na kile kilicho ndani.

Shasi: pale mununuzi anadanganyika

Mabati ya inje ya Land Rover, kwa sehemu kubwa, ni alumini. Hayaliwi na kutu kama chuma, njo maana gari ya miaka 30 inaonekana bado nguvu. Lakini shasi, chini kabisa, ni chuma, na inaoza kuanzia ndani.

Chukua nyundo ndogo, lala chini ya gari, gonga polepole toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia wazi. Kilichooza kinatoa sauti ya chini, na pengine nyundo inapenya. Gonga zaidi ku mti wa nyuma unaobeba ndoano ya kuvuta, na ku mikono inayoshika karoseri. Rangi nyeusi mupya chini ya gari ya zamani ni sababu ya kugonga mara mbili.

Tazama tena nambari iliyogongwa ku shasi. Inapashwa kuwa sawa na ile ya karte roze. Kama ni tofauti, usilipe.

Maji na milima

Goma na Bukavu ziko karibu metre 1,500 juu ya bahari. Ku urefu ule, maji katika sufuria wazi yanachemka karibu digri 95, si 100. Katika radiatere, kifuniko njo kinashika presyo ili maji yasichemke mbio. Kifuniko kikizeeka, maji yanatoka kidogo kidogo ku kila mupando. Kulasi ya motere za Tdi ni alumini: ikipata moto kupita kiasi inapinda.

Kwa hiyo, angalia maji kila asubuhi, motere ikiwa baridi. Mushale wa moto ukipanda, simama, zima, ngoja. Usimwange maji ya baridi ku motere yenye moto.

Kama jwenti ya kulasi imeungua, fundi asinunue yoyote tu. Ku 300Tdi kuna unene wa aina tatu, na alama yake ni matundu madogo ku ukingo: moja, mbili ao tatu. Jwenti ya zamani isitupwe mbele ya kuihesabu.

Pyesi zinatoka wapi?

Kwa wakaaji wa mashariki, soko za karibu ni Kampala na Nairobi. Kenya ilikuwa inaunganisha Land Rover katika kiwanda cha Thika, kwa hiyo kule kuna mafundi na maduka yanayozijua. Kutuma picha peke yake haitoshi. Tuma nambari ya pyesi; kwa mufano, kuruwa ya distribisyo ya 300Tdi ni ERR1092. Ongeza nambari ya shasi, juu inaonyesha mwaka na aina ya gari.

Nunua mbele ya kuharibika: filtri, mikanda, mipira ya maji, kifuniko cha radiatere, jwenti ya kulasi. Gharama ya doane na ya kusafirisha iingie katika hesabu.

Mbele ya kulipa

Maulizo ni tatu. Nani atatengeneza gari hii hapa kwetu? Pyesi zitatoka wapi, na zitafika kisha siku ngapi? Feza gani itabaki kisha kununua? Kama feza yote inaishia ku bei, kuruwa ya kwanza itakayohitajika itasimamisha gari, na deni litaanza siku ileile.

Mwenye majibu matatu anaweza kununua Land Rover ya zamani na kufanya nayo kazi miaka mingi. Mwenye kukosa moja, afazali achukue gari ambayo fundi wa jirani anaijua.