Kumbukumbu ya Wayahudi na Sheria ya Mauaji ya Kimbari

Neno mbari maana yake ni ukoo, watu waliotoka katika mzazi mmoja. Wakikuyu nao wanalo. Kutokana nalo limefanywa neno kimbari, na siku hizi twasikia mara kwa mara habari za "mauaji ya kimbari". Huenda wasomaji wetu wakadhani ni neno la magazeti tu. Lakini nyuma yake iko historia ndefu, nayo yatupeleka kwanza kwa Wayahudi, kisha yaturudisha Arusha.

Kukumbuka, kwa Wayahudi, si hiari ya mtu, ni amri. Katika Torati kumbukumbu imefungwa pamoja na hukumu: Mwisraeli akatazwa kumwonea mgeni, na sababu anayopewa ni kwamba yeye naye alikuwa mgeni katika nchi ya Misri. Haambiwi kwamba huruma ni jambo jema, aambiwa yaliyompata.

Walipotawanyika katika mataifa desturi hiyo ilipata namna nyingine. Mwaka 1096 watu wa Vita vya Msalaba waliwaua Wayahudi wa Worms, wa Mainz na wa miji mingine ya mto Rhine. Waliosalia waliandika majina ya wafu vitabuni, yakawa yakisomwa katika masinagogi. Kitabu kimoja mashuhuri cha namna hiyo kilianzwa Nürnberg mwaka 1296. Miaka miwili baadaye Wayahudi wa mji uo huo waliuawa, na majina yao yakatiwa humo. Na tuangalie vema kitabu hicho ni kitu gani. Chawataja waliouawa na mahali walipouawa, wala hakimwiti mtu mbele ya kadhi, kwa kuwa kadhi wa kuwasikiliza hakuwapo. Mashitaka yote yalipelekwa kwa Mungu.

Aliyetaka mashitaka hayo yasikiwe hapa duniani ni Raphael Lemkin. Alizaliwa mwaka 1900 karibu na Wołkowysk, mji uliokuwa chini ya Warusi na ambao sasa umo katika Belarus, akakua akisikia habari za Wayahudi waliouawa Białystok mwaka 1906. Alijifunza lugha kwanza, ndipo sheria, katika mji wa Lwów, ambao sasa ni Lviv wa Ukraine. Mwaka 1921 Mwarmenia mmoja, Soghomon Tehlirian, alimwua katika Berlin Talaat Pasha, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani katika serikali ya Waturuki Waarmenia walipoangamizwa. Lemkin akauliza: mbona yuko sheria ya kumshitaki aliyeua mtu mmoja, na hakuna ya kumshitaki aliyeamuru taifa zima liuawe? Mwalimu wake akamjibu kwa mfano wa mfugaji na kuku wake: akiwachinja, ni nani wa kumwuliza? Jibu hilo ndilo lililokuwa sheria ya mataifa wakati ule, wala mwalimu hakusema uongo.

Mwaka 1933 Lemkin alipeleka shauri lake kwa mkutano wa wanasheria katika Madrid, lisikubaliwe. Wajerumani walipoingia Poland mwaka 1939 alikimbia, akafika Sweden, na huko akakusanya amri walizozitangaza Wajerumani katika nchi walizoziteka. Alizichukua mpaka Marekani mwaka 1941. Kazi hiyo twaiona ni ndugu ya kile kitabu cha Nürnberg, ila imegeuzwa uso: badala ya majina ya wafu, amri za wauaji, kila moja na tarehe yake. Mwaka 1944 alitoa kitabu, na ndani yake akaunga neno la Kiyunani lenye maana ya kabila au kizazi na neno la Kilatini la kuua, akapata jenosaidi. Wazazi wake walikuwa wameuawa, pamoja na jamaa zake wengi.

Wakuu wa Wajerumani walihukumiwa Nürnberg, mji ule ule. Neno la Lemkin lilikuwamo katika hati ya mashitaka ya mwaka 1945; katika hukumu ya mwaka 1946 halikutajwa. Hata hivyo tarehe 9 Desemba 1948, katika Paris, Umoja wa Mataifa uliukubali Mkataba wa kuyazuia na kuyaadhibu mauaji hayo. Hersch Lauterpacht, Myahudi aliyesoma Lwów vile vile, hakupendezwa sana. Aliona afadhali sheria imlinde kila mtu peke yake, isije ikayatia nguvu makundi. Hoja hiyo ina uzito, na Afrika yetu yaishuhudia.

Mahakama ya Rwanda iliundwa na Umoja wa Mataifa tarehe 8 Novemba 1994, ikakaa Arusha. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba. Ndiyo mara ya kwanza mahakama ya mataifa kumhukumu mtu kwa kosa hilo la Mkataba. Lakini mahakimu walipata shida, maana Watutsi na Wahutu husema Kinyarwanda kile kile na hukaa vilima vile vile. Basi kabila liko wapi? Lilikuwa katika kitambulisho. Kadi hizo zilianzishwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, na mahali pa kabila paliandikwa ubwoko. Sasa katika Kinyarwanda ubwoko ni mbari pia, kama Abasinga, Abazigaba na Abanyiginya. Na katika kila mbari hiyo wamo Wahutu, Watutsi na Watwa pamoja. Neno lililowaunganisha watu lilitiwa katika kadi kuwatenga, na mwaka 1994 kadi hiyo ilisomwa vizuizini na watu wenye mapanga.

Hapa yatupasa sisi wa misheni tusipite upesi. Mwaka ule ule wa 1933, Padre Pagès alitoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Ufalme wa Kihamiti katikati ya Afrika. Elimu ya namna hiyo, iliyowafanya Watutsi wageni waliotoka kaskazini, iliandikwa katika majarida ya desturi na lugha kama hili letu, ikafundishwa shuleni. Wauaji waliikumbuka. Mahakama ya Arusha ilimhukumu mchungaji Elizaphan Ntakirutimana mwaka 2003, na padre Athanase Seromba mwaka 2006. Seromba alikuwa akiliongoza kanisa la Nyange, ambalo lilibomolewa kwa tingatinga juu ya watu kama 1,500 waliokimbilia humo.

Katika shauri la Akayesu mahakimu walimwita mjuzi wa lugha, wakapima maneno moja moja: inyenzi, yaani mende, ni mdudu tu, au ni Mtutsi wa kuuawa? Mahakama ilifungwa mwisho wa mwaka 2015. Karatasi zake zimewekwa Lakilaki, nje kidogo ya mji wa Arusha, pamoja na ushuhuda wa watu waliosema kwa Kinyarwanda ni nani aliyeuawa, wapi, na nani aliyetoa amri.