Simu shuleni: tulikwisha kulijibu swali hili

Kila muhula unapofunguliwa hurudi ubishi wa simu shuleni. Mwanafunzi wa sekondari akikamatwa nayo hunyang'anywa, mzazi huitwa, pengine kijana husimamishwa masomo. Wanaotetea marufuku hiyo wanataja picha chafu, wizi wa mitihani na usingizi darasani. Wanaoipinga wanasema maktaba nzima imo ndani ya simu. Mimi ni mtu wa redio, na nionavyo pande zote mbili zimesahau historia yetu wenyewe.

Redio ya transista ya kwanza ya mfukoni iliuzwa Marekani mwaka 1954. Kabla ya hapo redio ilikuwa samani ya sebuleni. Baada yake, mtu aliweza kwenda nayo shambani au chini ya mwembe. Tanzania ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, chombo hicho cha betri kilikuwa kimekwisha kufika vijijini. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya": wiki 12, watu wapatao milioni 2, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliofundishwa kazi hiyo.

Asidhani mtu kwamba redio peke yake ndiyo iliyofundisha. Kikundi kilikutana kwa saa iliyopangwa, kikasikiliza kipindi, kisha redio ikazimwa. Kikafunguliwa kijitabu, asiyejua kusoma akasomewa, wakajadili malaria na kichocho, wakaamua la kufanya kijijini kwao. Vyoo vikachimbwa kwa malaki. Kwangu mimi, ile hatua ya kuizima redio ndiyo iliyofanya kazi kubwa.

Zanzibar nayo, katika muongo wa kwanza wa karne hii, iliwafundisha watoto wadogo kwa kipindi cha redio cha "Tucheze Tujifunze". Mtangazaji anauliza, ananyamaza kidogo, watoto wanajibu kwa sauti, na mlezi yupo pale pale kuwaongoza.

(Sisi tuliosoma miaka ya 1990 tuliazimana kaseti za Kiingereza. Walimu wa zamu walizichukia vilevile.)

Ikaja Machi 2020. Shule zikafungwa kwa ajili ya korona, masomo yakarudi redioni na kwenye televisheni, na wazazi wale wale waliokuwa wakificha simu wakawakabidhi watoto wapokee mazoezi. Tarehe 29 Juni shule zikafunguliwa, simu zikarudi kuwa haramu, na sikusikia mtu akiuliza watoto walijifunza nini katika miezi ile mitatu, au ni nani hakujifunza kitu kwa sababu kwao hakukuwa na simu.

Simu inayotumiwa kwa siri ndani ya shuka haina saa, haina kijitabu, haina kiongozi wa kikundi. Basi tusishangae ikiishia kwenye muziki na umbea.

Mwalimu mmoja wa sekondari aliyezungumza nami ana sanduku zima la simu alizonyang'anya. Anasema wenyewe wanajua kuzitumia kumshinda yeye. Wasichojua ni waanzie wapi kwenye fizikia. Karatasi ya maswali kwa kila mada angeweza kuiandika mwenyewe, aliniambia, kama mkuu wa shule angemruhusu kulifungua sanduku hilo Jumamosi mbili tu kwa mwezi.