Bodi ya Mbeleko

Neno "bodi" limelemewa. Kuna bodi ya wakurugenzi, kuna bodi la basi linalopigwa rangi gereji, na kuna ile sahani ya kijani fundi anayoilehemu. Sasa imeongezeka nyingine, na hii inastahili jina lake.

Chukua Compute Module 4 ya Raspberry Pi, iliyotoka 2020. Ni kompyuta nzima yenye milimita 55 kwa 40, lakini haina tundu la HDMI, la USB wala la waya wa mtandao. Chini yake kuna viunganishi viwili tu, kila kimoja kina pini 100. Peke yake haifanyi lolote. Lazima ipachikwe juu ya bodi nyingine inayoipa umeme na matundu.

Hiyo ya pili tuiiteje? Wapo wanaosema "kiolesura". Mimi nakataa: humo mna sura, na sura ni ya kioo cha simu. Hapa kuna kubeba. Nasi tunalo vazi la kubebea kichanga mgongoni: mbeleko. Bodi ya mbeleko, basi.

Na mbeleko huchaguliwa kwa mtoto. Compute Module 3 ilichomekwa ubavu kama kijiti cha RAM. Mbeleko yake haishiki ya 4 hata ukilazimisha. Kwa hiyo dukani usiulize tu "bodi ipo?" Taja kwanza mtoto ni yupi.