Mayi Mulele (Kasongo na Kabambare)
Dawa ya vita ya waasi wa Simba wa mashariki mwa Kongo, waliopita Kabambare na Kasongo kabla ya kuuteka mji wa Kindu Julai 1964. Jina, yaani “maji ya Mulele”, linatokana na Pierre Mulele, kiongozi wa uasi wa Kwilu. Mganga alimchanja mpiganaji chale na kumnyunyizia maji. Risasi, waliamini, zingegeuka maji. Miiko ilikuwa mikali: kutotazama nyuma, kutomgusa mwanamke. Aliyeuawa alihesabiwa kuwa amevunja mwiko, hivyo hakuna maiti iliyoweza kuikanusha dawa. Na ushahidi wa kuiunga mkono haukukosekana: askari wengi wa serikali, nao wakiiogopa, walitimua mbio. Mamluki wa kigeni waliopigania serikali hawakuiamini, wakafyatua risasi. Makundi ya wanamgambo wa Mai-Mai ya Kabambare yameirithi imani hiyo.