Baada ya Kuanguka Mara ya Kwanza

Mkazi wa makao ya wazee aliyeanguka mara moja yuko hatarini zaidi ya wenzake kuanguka tena. Kila muuguzi analijua hilo. Hata hivyo, fomu ya tukio mara nyingi huishia kwenye maneno machache: "Alikutwa sakafuni. Amekumbushwa kubonyeza kengele." Mtu mwenye ugonjwa wa kusahau, asiyejua hata yuko chumba gani, ataikumbukaje kengele? Ninavyoona mimi, anguko la pili mara nyingi hutokana na kutochunguzwa kwa lile la kwanza.

Kwa muda mrefu jibu nchini Marekani lilikuwa kumfunga mzee kwa mikanda kitini au kumzingira kwa vyuma vya kitanda. Sheria ya mwaka 1987 ilipiga marufuku kumfunga mkazi kwa ajili ya kumwadhibu au kuwarahisishia watumishi kazi. Mwaka 1992, mtafiti Mary Tinetti na wenzake walionyesha kuwa waliofungwa waliumia vibaya zaidi kuliko wasiofungwa. Si ajabu: misuli isiyotumika hunyong'onyea, na anayeparamia vyuma huanguka kutoka juu zaidi. Siku hizi mikanda imepungua, lakini king'ora cha kitanda kimeshika nafasi yake. Kikilia, mzee ameshasimama, na mhudumu anakimbilia kumwambia akae. Mzee anayekalishwa kila anapoinuka naye amefungwa, ingawa hakuna kamba.

Kamera zilizowekwa katika makao mawili ya British Columbia, Kanada, zilinasa maanguko 227 ya wazee 130, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Asilimia 41 yalitokana na mzee kuhamisha uzito wa mwili vibaya. Kujikwaa kulichangia asilimia 21. Kwa hiyo kuondoa zulia na kukausha sakafu, kazi ambayo lazima ifanywe, hakugusi sehemu kubwa ya tatizo.

Tumchukue mzee aliyeanguka saa tisa usiku akienda chooni. Alimeza dawa gani jioni? Je, shinikizo lake la damu hushuka anaposimama? Limepimwa akiwa amelala, kisha akiwa amesimama? Kitanda kina kimo gani, na miwani iko wapi? Kama huamka saa hiyo kila usiku, kwa nini mhudumu asimpeleke chooni saa nane na nusu? Swali hili la mwisho halihitaji mashine yoyote.

Uingereza wamelijaribu jambo hili. Katika utafiti uliohusisha makao 84, uliochapishwa mwaka 2021, watumishi walifundishwa kumkagua kila mkazi kwa orodha ya vihatarishi na kuchukua hatua zinazomfaa yeye. Kati ya mwezi wa 4 na wa 6 tangu utafiti uanze, maanguko yalikuwa pungufu kwa asilimia 43 kuliko katika makao yaliyoendelea na huduma ya kawaida, na wakazi hawakupunguziwa mwendo.

Pingamizi la uhaba wa watumishi ni la kweli: usiku mhudumu mmoja hubeba wazee wengi. Lakini huyo huyo ndiye anayejua mzee huamka saa ngapi na hushika nini anapoinuka. Kikao cha kujadili tukio kikifanyika saa nne asubuhi, yeye ameshaenda kulala. Kikao hicho kifanyike papo hapo chumbani, kabla zamu haijabadilishwa, na yeye awe wa kwanza kuulizwa.